Jogoo Aliyeshindwa Kuamka

Ilikuwa Julai, mwaka wa pili baada ya uhuru, na ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya Karatu hadi saa nne asubuhi. Mbele ya duka la Haji palikuwa na benchi la mbao, na Haji aliwamiminia kahawa wenye benchi lao: Hasani, aliyeendesha lori miaka mingi hata wakamwita Gia, na Ngoitiko, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Malambo, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzimika. Asubuhi hiyo akatokea Felisiani, mkulima. Yeye walimwita Jogoo, maana zamani aliamka kabla ya mtaa mzima. Tangu amzike mkewe Germana, wakati wa masika, hakuwa ameonekana kijiweni.

— Karibu, Jogoo, Haji alisema. Tulidhani umehama.

— Nipo. Nalala tu.

Aliona aibu, lakini neno lilikwisha kumtoka. Akawaeleza kwamba kila asubuhi hufumbua macho, huiamuru miguu ishuke kitandani, nayo haimsikii. Ngano imekauka shambani, ndege wanaila, naye yuko chini ya blanketi akitazama paa.

— Baridi hiyo, Gia alisema. Lori langu nililiwashia moto chini ya injini. Nawe uwekewe jiko chini ya kitanda.

— Ataungua, Haji alisema.

— Ataamka kwanza.

— Si baridi, Redio alisema. Ukungu huu unatoka kreta umebeba usingizi wa wanyama wote waliolala humo. Unapita mlangoni, unamwingia mtu sikioni. Huyu analala usingizi wa faru.

— Na faru huamkaje? Gia aliuliza.

— Akitaka.

— Mimi nasema blanketi, Haji alisema. Sufu ni ya kondoo, na bado inaota malisho. Ukijifunika, unaota nayo. Kondoo hana haraka.

Felisiani alijikuta akitabasamu ndani ya mvuke wa kahawa. Ndipo ukunguni akatoka mwanamke mwenye kikapu. Alikuwa Cresensia, mdogo wake Germana, ametembea tangu kijijini kwao Endamarariek.

— Shemeji, natoka kwako, nimekuta kitanda kitupu. Leo umeamshwa na nini?

Wote wakageuka. Hakuna aliyefikiria kumuuliza hilo.

— Nimemwota dada yako, Felisiani alisema polepole. Alikuwa ananiita. Nikamjibu, naja. Kumbe nimesema kwa sauti, na sauti yangu ikaniamsha. Nikaona vibaya kulala tena, na nimeshasema naja.

— Alikuitia wapi?

— Shambani.

— Mbona uko hapa?

Gia alimtazama Redio. Redio alitazama barabara. Haji akamimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa.

Felisiani alikumbuka njia panda ya shambani na dukani, alivyosimama pale kitambo, kisha akashika njia ya dukani.

— Niliogopa kufika nikute ngano peke yake, alisema mwishowe.

— Hata mimi niliogopa kwenda peke yangu, shemeji.

Alifunua kikapu. Ndani mlikuwa na miundu miwili.

Walipofika shambani ndege waliruka wote kwa pamoja, na ukungu ukatikisika. Felisiani akainama, akakamata mashuke ya kwanza. Yalikuwa baridi, yenye umande, mazito kuliko alivyodhani. Akakata. Nyuma yao, ndani ya ule weupe, walimsikia Redio akimfundisha Gia jinsi ya kuvuna ngano, ingawa mwenyewe maisha yake yote alikuwa hajawahi kushika mundu.