Dereva Aliyefuta Kioo Mpaka Kioo Kikachoka

Ijumaa, tarehe 30 Juni. Asubuhi imeamka na manyunyu, hali ya hewa ambayo dereva wa gari namba tatu huichukulia kama tusi la kifamilia. Leo, baada ya miaka thelathini na mbili katika Idara yetu ya Maji, Mzee Kioo, kama anavyoitwa na wakubwa kwa wadogo, anastaafu rasmi.

Alianza kazi akiwa utingo wa lori la mabomba. Siku moja lori likakosa dereva, akapanda usukani, na hakushuka tena.

Tangu hapo alikuwa na sharti moja: kioo cha gari lake hakifuti mtu mwingine. Waosha magari wa pale kona waliruhusiwa kuosha matairi na bodi, hata kuimba wakitaka. Lakini wakinyoosha mkono kwenye kioo aliwauliza kama huko kwao watu huswaki meno kwa dasta iliyotoka kwenye tairi. Yeye alitumia vitambaa viwili, kimoja cha maji na kimoja kikavu, siki kidogo, na gazeti kuukuu la kumalizia. Alidai magazeti yenye hotuba za wakubwa hung'arisha kuliko ya michezo, kwa kuwa ndani yake hamna kitu cha kukwaruza.

Maji ya Idara hakuyagusa. Alikinga ya mvua, kwa maelezo kwamba yetu huacha madoa meupe. Mkurugenzi alipomuuliza mbele ya wageni kwa nini anabeba dumu la maji ya mvua ndani ya gari la Idara ya Maji, alijibu kwa adabu kuwa maji ya Idara ni ya kunywa wananchi, kioo hakiyawezi.

Matunda ya kazi hiyo aliyaonja mhasibu mkuu, aliyetema mate akidhani dirisha liko wazi. Akaomba gari lisimame. Mzee Kioo akamrushia kitambaa kikavu nyuma bila kugeuka, akamwambia aliyechafua ndiye mwenye zamu.

Kanuni yake alitufundisha sote, tulioomba na tusioomba. Nje unafuta kutoka juu kwenda chini, ndani unafuta kutoka kushoto kwenda kulia. Ukibaki mchirizi, mwelekeo wake unakuambia uko upande gani, nawe huhangaiki.

Mwaka juzi kanuni ikamgomea. Kiooni ulitokea ukungu ambao haukusimama wala kulala. Alifuta nje, akafuta ndani, akarudi nje. Gari likawa linasimama kila penye kilima ili lifutwe, na huko mbele bomba lililopasuka likiendelea kumwaga. Alilaumu mafuta ya nywele ya katibu muhtasi, moshi wa malori, na pumzi za wahandisi ambao, alisema, wanaongea mno kwa watu wasiojua bomba limepasukia wapi.

Uongozi ulipoona bidii hiyo, ukampa cheti cha mfanyakazi bora wa usafi. Siku ya kukipokea alimpita Mkurugenzi aliyenyoosha mkono, akamshika mkono mlinzi na kumwita bosi. Mlinzi aliupokea kwa heshima zote. Mkurugenzi akatuambia kwenye kipaza sauti kwamba huo ndio unyenyekevu, na tukapiga makofi.

Mwishowe Mzee Kioo aliomba kioo kipya cha mbele, akakipata. Aliyekifunga ni fundi wa gereji yetu, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia lolote. Mzee Kioo akaketi, akatazama mbele, akasonya. Akasema amefungiwa cha mtumba, tena chenye ukungu. Shemeji akamwambia hicho hakijaguswa hata na inzi. Kisha akazunguka mbele ya gari, akainua vidole na kuuliza ni vingapi. Mzee Kioo akafoka kwamba mtu atahesabuje vidole kwenye kioo kichafu namna hii. Shemeji akafungua mlango, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akasema hautoki humo mpaka macho yapimwe hospitali.

Mzee Kioo hakuogopa kisu cha daktari. Alichoogopa ni kuandikwa kwamba haoni, kisha amalizie utumishi wake kwenye benchi la mapokezi, maana dereva asiye na gari ni abiria wa watu. Alibembeleza, akatishia kumshtaki shemeji kwa dada yake. Shemeji akamjibu kwamba dada yake ndiye anayemtaka hai, na kwamba barabara ya bwawani ina bonde upande mmoja, naye anabeba watoto wa watu.

Hospitali wakakuta mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Akafanyiwa upasuaji, akapona, akapimwa tena, akarudishiwa ufunguo wake.

Asubuhi aliporudi alisimama mapokezi akatutazama mmoja mmoja, bila haraka, akasema hakujua kama tumezeeka hivi. Kisha akaenda kwenye gari, akafuta kioo nje na ndani mara moja tu, akawasha. Tangu siku hiyo hadi jana amewapeleka wahandisi bwawani na kuwarudisha bila kusimama kwenye kilima hata kimoja, jambo ambalo limewanyima kisingizio cha kuchelewa.

Uongozi nao umejifunza. Waraka wa mwezi huu unaagiza magari yote yafungwe vioo vipya. Suala la macho ya madereva limekabidhiwa kamati.

Mzee Kioo, asante kwa kutufikisha salama, hata zile safari ambazo tukizikumbuka sasa tunashika kiti. Shemeji yako naye tunamshukuru, kwani bila yeye sherehe hii ingekuwa ya aina nyingine. Ukae nyumbani kwa raha, uzione vizuri sura za wajukuu, na wale usiopenda kuwaona uwaone wakiwa bado mbali, upate nafasi ya kuingia ndani.