Fyuzi Iliyokuwa Mfukoni Mwangu

Wapendwa, nimesimama hapa nikiwa bado na hasira. Nasema mapema msije mkanishangaa.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hospitalini. Aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja: mashine ikiwa hatari, toa fyuzi uitie mfukoni, asije mtu akaiwasha kabla hujarudi. Siku moja waya wa mashine ya oksijeni ulianza kuungua. Nikatoa fyuzi, nikatoka kwenda kutafuta waya mwingine. Kosa langu ni kwamba sikuandika kwenye daftari. Getini mkubwa wangu akaamuru nipekuliwe. Fyuzi ikaonekana. Akaniita mwizi mbele ya wagonjwa, wauguzi na kina mama wauza ndizi, na kazi ikaishia hapo.

Nikarudi kijijini kwetu Igurwa kuanika kahawa. Ndugu zangu, nawaambia, nilikunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mpaka mke wangu akanihamishia jikoni. Nilipiga magoti nikaomba mashine ile imwaibishe yule mtu. Ndiyo, niliomba hivyo.

Asubuhi moja mkubwa yuleyule akaja kwa bodaboda. "Shikamoo, mzee." Miaka minne tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuniamkia. Nikaitikia, nikaendelea kumenya ndizi. Akasema waliweka fyuzi nyingine, waya ukaungua kabisa. Sasa mama yake mzazi amelazwa, pumzi inamkatika, na mtungi wa oksijeni uliobaki unakaribia kwisha.

Nikamaliza kichane cha kwanza. Nikaanza cha pili. Nilikuwa naona raha, siwafichi.

Mke wangu akaninyang'anya kisu. "Kwani yule bibi ndiye aliyekupekua?"

Nikaenda. Nikabadilisha waya, nikaweka fyuzi, nikakaa pale mpaka bibi akaomba chai. Baada ya wiki nikarudishwa kazini. Mkubwa akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniomba radhi kwa sauti ya chini. Nikamwambia, "Mimi sikuitwa mwizi chumbani."

Namshukuru mke wangu kwa kile kisu. Nawashukuru wauguzi walioniletea chumvi na sabuni nilipokuwa sina kazi. Rubisi nimeacha. Fyuzi bado naitia mfukoni, ila sasa naandika kwanza. Nanyi nawaachia neno hili: ukimchafulia mtu jina mbele ya watu, umsafishie mbele ya watu.

Jina la mtu yule sitalitaja. Mama yake amepona, na leo wamekuja kusali pamoja nasi. Mimi nakwenda kukaa. Hapa mbele nimeacha nafasi.