Tuandike Miaka Mingapi?

Benchi letu liko mbele ya ghorofa la kodi nafuu tunamoishi, na asubuhi ile hakuna aliyekuja kwa ajili ya kahawa tu. Ile miaka kumi na tano ambayo mwenye jengo alikatazwa kupandisha kodi inaisha mwezi ujao. Manispaa imetuletea fomu: tupendekeze iongezwe mingapi, turudishe kabla ya saa sita. Ikirudi tupu, kodi inapanda mara tatu, na mimi mstaafu nafungasha virago. Fomu anayo Mama Cherehani, mwenyekiti wetu, kaikandamiza gotini kwa viganja vyote viwili.

— Leo haondoki mtu hapa bila jibu, alisema. Haya, mingapi?

— Kumi, akadakia Dereva. Kitindamimba wangu atakuwa kamaliza shule.

— Kumi ya nani? Kinyozi akang'aka. Mke wangu ndiyo kwanza ana mimba! Andika ishirini na tano.

— Nyie hamjui kitu, alisema Mwashi, ambaye hapitishi siku bila kutukumbusha kwamba jengo lile kalijenga yeye. Zege nimelichanganya kwa mikono hii. Andika themanini, halitikisiki!

— Halitikisiki wapi? Bafuni kwangu vigae vinadondoka vyenyewe.

— Vigae siyo mimi, Kinyozi. Usinitafute.

— Basi weka mia mbili! Kinyozi akatania. Mpaka vitukuu wa mwenye jengo waje kutuomba chumba sisi.

Tukacheka. Mama Cherehani hakucheka.

— Mzee wangu, na wewe?

— Ishirini, nikasema. Nina sitini na nane. Ishirini inanitosha na chenji inabaki.

Wote wakaona nimesema la maana. Mama Cherehani akashika kalamu. Hapo ndipo Dada wa Ngazi, anayetufagilia jengo na ambaye hajawahi kuketi nasi hata siku moja, akasimamisha ufagio.

— Samahanini, wakubwa zangu. Mimi nimeomba nyumba humu, huu mwaka wa tisa. Juzi wameniambia kwamba kwenye foleni mbele yangu wapo watu mia nne. Hiyo ishirini mnayoandika, mimi itanikuta nimeshaingia?

Dereva akakodolea kikombe chake. Mimi niliona aibu, sifichi. Nilikuwa nimejipimia umri wangu, nikaona kazi imekwisha.

— Sogeeni huko, Mama Cherehani akasema. Dada, kaa.

Akaandika kwa herufi kubwa, anakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: MPAKA WOTE WANAOSUBIRI WAPATE.

— Lakini wanataka namba, Mama, Dereva akanong'ona.

— Waje waniulize mimi. Inukeni, twendeni wote.

— Na mimi? aliuliza Dada wa Ngazi.

— Wewe ndiye utakayeongea.