Mafuta Tuliyompikia Mama Lydie

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa kanda yetu ya afya. Wamama na wababa mlioketi hapa,

KARIBU

Sisi wamama wa komini Kenya, hapa Lubumbashi, tuliotibiwa kansa ya titi tunakupokea kwa mikono miwili. Umeacha kazi nyingi ukaja kutusikiliza. Tunashukuru.

TULIKOTOKA

Tulianza wanne, leo tuko arobaini na watatu. Kila anayemaliza matibabu tunamtembelea, na mpishi wetu ni Mama Christiane, mjane wa mfanyakazi wa reli.

Miaka miwili iliyopita mshonaji wetu, Mama Lydie, alitoka matibabuni amebaki mifupa. Mama Christiane aliapa kumrudishia mwili wake. Kila siku alimpelekea nyama ya nguruwe ya kukaanga, soseji, bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo inayoelea kwenye mawese. Lydie alikula, angekataaje? Alipolalamika kwamba kifua kinambana, tulimwambia ni uchovu wa dawa.

Asubuhi moja, akiwa kwenye cherehani, mkono wake wa kuume ulikufa ganzi na mdomo ukaenda upande. Kule lupitalo tulikomkimbiza, munganga, daktari wa zamu, alituuliza ni lini alipimwa mafuta ya damu. Hakuwahi kupimwa. Mama Christiane akajibu kwa sauti ndogo, "Lakini huyu iko mukondo, munganga. Mafuta itatoka wapi?"

Munganga hakumcheka. Alieleza kwamba hata mwembamba huwa nayo. Damu ina mafuta mabaya na mazuri, na mabaya yakizidi hugandamana ndani ya mishipa mpaka njia inaziba. Kuhusu kansa, alisema wataalamu bado wanachunguza jinsi uvimbe wa aina fulani unavyojilisha mafuta hayo hayo.

Kwa majuma matatu Mama Christiane hakukanyaga kwa Lydie. Alizima jiko, akasema ameua dada yake. Ndipo Lydie akamtuma binti yake Exaucée amwite. Alipofika, Lydie akamwambia kwa ulimi mzito:

"Ulinipikia sababu ulinipenda. Sasa unipikie sababu unajua."

TULICHOFANYA

Mama Christiane ndiye aliyetusukuma tupimwe. Tulikwenda mjini kwa minibasi, safari mbili, watu thelathini na mmoja. Kumi na tisa tulikutwa na mafuta mabaya yaliyozidi. Damu iliyokuwa na hali mbaya kuliko zote ilikuwa ya Mama Christiane mwenyewe. Kumbe kila akienda sokoni alisimama mara mbili njiani, mkono kifuani, akijisemea ni uzee. Leo anameza dawa, anatupikia maharagwe na samaki wa kuchemsha, na Lydie anajifunza kushona kwa mkono wa kushoto.

KINACHOTUSHINDA

Kituo chetu cha afya kinapima presha na sukari. Mafuta ya damu hakipimi. Mwenzetu Myriam alikuwa kwenye orodha ya safari ya tatu. Moyo wake ulisimama siku mbili kabla. Minibasi ile ile ilitupeleka makaburini.

MAOMBI

Tunaomba kipimo hicho kifike kituoni, dawa zisikatike, na kila anayemaliza matibabu ya kansa apimwe mafuta kabla hajarudishwa mikononi mwetu. Kama mwaka huu haiwezekani, tuambie wazi, baba. Wenzetu kumi na wawili waliobaki kwenye orodha ya safari ya tatu bado hawajapimwa. Wameketi mstari wa nyuma, na wamekuja kusikia jibu kwa masikio yao.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, damu yenu ipite bila kizuizi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wamama Tusimamiane, Kenya, Lubumbashi
Imesomwa na Delphine, mwandishi wa kikundi