Bi Mwanvita Anaondoka na Kopo Lake la Rangi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kulala chali chini ya magari, Bi Mwanvita Mloka, fundi umeme mkuu wa karakana ya Shirika la Afya Milimani, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake kwa heshima na taadhima. Ilipomkosa, ikanipa kalamu mimi, Irene wa masjala. Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru, kwa hiyo lolote litakalomkera humu ni utani, na mtani hashitakiwi.

Alizaliwa Matombo, akasoma shule ya misheni, ndiyo maana binti huyu wa Kiislamu anajua nyimbo za Krismasi kuliko mimi niliyebatizwa. Hapa aliajiriwa kufagia karakana. Mafundi wa enzi hizo walimwambia umeme wa gari si kazi ya mwanamke. Hakubishana nao. Alifagia polepole, masikio wazi, na baada ya miaka minne akawa anawasahihisha ufagio ungali mkononi.

Ana ugonjwa mmoja, nao ni rangi. Bi Mwanvita hawezi kuona kutu akalala usingizi. Amepaka rangi nyeusi jiriwa ya kubania vyuma, benchi, sanduku la vifaa, birika la chai, na kiti ambacho Mkuu wa Karakana, Bwana Fidelis, alikikalia siku ya Idd akiwa na suruali nyeupe. Suruali ile sasa tunafutia dipstiki, vile vijiti vya kupimia oili.

Kazini alikuwa hana haraka, na hilo liliwaudhi vijana. Skana, ile mashine ya kusoma hitilafu, yeye huiita mmbea: inakwambia nani hazungumzi na nani, lakini haijui kwa nini. Wengine wakisoma kwamba kompyuta ya breki za ABS, zile zinazozuia tairi zisigande, haina mawasiliano, hukimbilia kuagiza kompyuta mpya. Yeye hutoa mita yake. Hupima kwanza zile nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta za gari huzungumzia, na akipata ohmu sitini anajua njia ni nzima. Kisha huuliza kama kompyuta yenyewe imekula: umeme unaingia, na unapata pa kutokea?

Sasa nifike kwenye gari la chanjo, lile linalopeleka chanjo vijijini. Masika ya mwaka juzi, dereva wetu Hamza alirudi kutoka Matombo akasema taa ya ABS imewaka njiani, na aliposhika breki kwenye mteremko wa tope, tairi ziliganda na gari likateleza hadi kwenye migomba. Karakana ikachomeka skana. Ilionyesha kumbukumbu ya mawasiliano kukatika, ikafutwa, gari likawa zima. Hamza akaenda tena, yakawa yale yale. Mara ya tatu, uongozi ukaamua kwamba Hamza anaikwepa barabara ya Matombo, akaandikiwa barua: akirudi tena na hadithi hiyo, hana kazi. Barua hiyo niliichapa mimi, na bado naona haya. Cheti cha kwamba gari ni zima kilisainiwa na Bi Mwanvita.

Hamza ana watoto wanne. Alimwamkia Bi Mwanvita shikamoo, akamwomba jambo moja tu, wapande pamoja hadi Matombo.

Bi Mwanvita akapanda, skana mapajani. Walipoanza kurukaruka kwenye mawe, taa ikawaka. Skana ikasema injini inajibu, ABS iko kimya. Akaamuru gari lisimame bila kuzimwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa hasi wa kompyuta ya ABS. Ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma volti nane. Akaufuata waya ule hadi ulipofungwa kwenye bodi la gari kwa bolti, akaifungua, na chini yake akakuta rangi nyeusi, laini, imepakwa kwa upendo.

Wiki chache kabla ya masika tulikuwa tunangojea wageni wa bodi ya shirika. Bi Mwanvita alifungua kila bolti ya gari hilo yenye kutu, akapaka, akafunga. Rangi haipitishi umeme. Gari likiwa limetulia karakanani, meno ya bolti yaligusa chuma kidogo. Kwenye mawe, yaliachia.

Hamza wakati huo alikuwa kando ya barabara akinunua ndizi. Fundi wetu angeweza kukwangua, kukaza, kusema ni kutu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alikwangua kwa msasa, hakukaza. Alimngoja Hamza arudi, akamwonyesha.

Kesho yake, kwenye mkutano wa asubuhi, alisimama mbele yetu akamwomba Hamza radhi. Bwana Fidelis akaichana barua. Na kwenye jobu kadi, ile kadi ya kumbukumbu ya matengenezo, pale palipoandikwa chanzo cha hitilafu, ambapo sisi wengine huandika kutu, maji au panya, aliandika jina lake kamili.

Kadi hiyo tumeibandika juu ya jiriwa. Fundi mpya huisoma kabla ya kukabidhiwa skana. Hatujapata mwongozo ulio bora zaidi.

Tulimuuliza anataka zawadi gani. Akasema kopo la rangi nyeusi, lita nne. Kamati imekubali, kwa sharti kwamba litumike kwenye bati la nyumba yake Matombo, mbali na mali za shirika.

Mtani, tunakushukuru, na karakana itakuwa na kutu nyingi bila wewe. Kapumzike kwa afya na amani, ule ndizi ambazo hukuzinunua siku ile. Leo mchana utapelekwa nyumbani kwa gari la chanjo. Dereva ni Hamza. Hakupangwa na mtu, aliomba mwenyewe.