Mpira Uliogonga Boriti

Wasikilizaji wapendwa, leo mnaweza kupunguza sauti ya redio. Mtu tunayemkumbuka alikuwa na sauti ya kutosha mwenyewe. Alikaa majukwaani kwenye viwanja vikubwa vya tenisi, kofia imempinda kichwani, akapiga kelele neno moja tu: "Boriti!"

Watangazaji wa kigeni walidhani ni dua. Wengine walisema ni mbinu ya siri.

Huyo ndiye Mjomba. Kila mcheza tenisi alimwita Mjomba, ingawa alikuwa mjomba hasa wa mtu mmoja: bingwa wetu, binti wa dada yake. Mjomba ametutoka juzi, baada ya kuugua.

Hakuanza kwenye tenisi. Alikuwa fundi wa kutengeneza makochi. Dada yake, mama mzazi wa bingwa, husema huku anacheka na machozi yanamtoka: "Kaka yangu alianza na makochi, akaishia kocha. Alibadilisha herufi tu."

Mvua ikinyesha, uwanja wa mtaani ulijaa maji. Basi Mjomba alisogeza makochi pembeni, akaegemeza sponji ukutani, na mtoto akafanyia mazoezi humo humo karakanani. Tatizo lilikuwa paa. Juu ya kichwa ilipita boriti, tena chini kweli. Mtoto akirusha mpira ili aupige, unagonga boriti na kumrudia usoni. Ndipo Mjomba akawa anamkumbusha: "Boriti!" Yaani, usirushe juu.

Mtoto akakua. Akapanda hadi kumi bora wa dunia. Viwanja vyake sasa havikuwa na paa. Mjomba akaendelea: "Boriti!"

Wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka ile nusu fainali. Bingwa wetu alimkimbiza mpinzani kila kona. Lakini kila ilipofika zamu yake ya kuanzisha mpira, aliurusha chini chini, kama yumo karakanani. Mpira kwenye wavu. Tena kwenye wavu. Pointi za bure, kama anagawa pipi. Tukatolewa.

Kesho yake nchi nzima ikawa kocha. Vinyozi walisema aongezewe mtaalamu wa mpira wa kuanzia. Wauza magazeti walisema hivyo hivyo. Mjomba akanuna. "Kwani mimi nimekuwa gari bovu, mpaka niletewe fundi?"

Na bingwa? Umri ulikuwa unamkimbia, na taji kubwa hajaligusa. Lakini alisema wazi: "Bila ridhaa ya Mjomba, simleti mtu. Bora nikose taji."

Dada mtu ndiye aliyekwenda karakanani. Akakaa kwenye kochi lililovaa kitambaa upande mmoja.

"Kaka, ukiletewa kochi lenye meza ya kioo, kioo kimepasuka, unafanyaje?"

"Namwita fundi vioo."

"Na kochi linakuwa la nani?"

Mjomba alipigilia msumari, akaweka nyundo chini. "Mwiteni. Ila asinidhalilishe mbele ya mtoto."

Mtaalamu akaja na kamera zake na vijiti vya kupimia. Mjomba akambatiza Bwana Kipimo papo hapo. Bingwa akajiandaa, na Mjomba, kwa mazoea, akapaza sauti: "Boriti!"

Bwana Kipimo akatazama mbingu. "Samahani Mzee. Boriti iko wapi?"

Bingwa mwenyewe alitazama juu, kama mtu anayeiona anga kwa mara ya kwanza. Mjomba akavua kofia.

"Iko karakanani kwangu," alisema. "Nimemtembeza nayo dunia nzima."

Bingwa anasema alitaka kumkimbilia amkumbatie, lakini Mjomba alimzuia kwa mkono. "Rusha kwanza, mama. Juu!"

Tangu siku hiyo Bwana Kipimo alifundisha mpira wa kuanzia, na Mjomba akabaki na mengine yote. Walibishana hata namna ya kukunja taulo. Lakini msimu uliofuata taji lilikuja nyumbani, na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote jukwaani mlimsikia.

Alipozidiwa, Mjomba aliomba apelekwe karakanani. Akalazwa kwenye kochi. Akamwambia mpwa wake: "Rusha mpira nione."

"Mjomba, humu ndani?"

"Rusha!"

Mpira ukapanda, ukagonga boriti, tup! Vumbi likamwagikia Mjomba usoni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ndivyo hivyo," akasema. "Mwambie Bwana Kipimo amefaulu. Ila asijisahau. Kioo ni chake, kochi ni langu."

Hayo, anasema bingwa, ndiyo maneno ya mwisho Mjomba kumwambia kuhusu tenisi.

Kwa dada yake, kwa bingwa wetu, na kwako pia Bwana Kipimo, ambaye naambiwa jana ulibeba jeneza upande wa mbele: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, jiulizeni: yule unayempenda sana, bado unamwonya juu ya boriti ipi? Na je, bado ipo?

Pale karakanani, boriti ina doa la kijani la manyoya ya mpira. Ndugu walipofanya usafi kwa ajili ya msiba, mmoja alinyanyua kitambaa alifute. Bingwa akamshika mkono. "Hapo paacheni," alisema. "Hapo ndipo Mjomba aliponiachia nirushe juu."