Kumbatio la Sekunde Kumi na Moja: Maisha ya Marehemu Mahlagha Vosughi

Familia imenipa mimi, Farzaneh, mdogo wake, niusome wasifu huu, na imeniomba nisiusome kwa hasira. Nitajitahidi.

Marehemu Mahlagha Vosughi alizaliwa hapa Rasht tarehe 9 Novemba 1957, binti wa kwanza wa mzee Ebrahim Vosughi, fundi saa, na Bi Touran. Alisoma hapa hapa hadi alipohitimu sekondari mwaka 1976, kisha akaenda Tehran kusomea uigizaji. Baba alitaka awe mfamasia. Hawakusemeshana mwaka mzima.

Tarehe 2 Juni 1983 alifunga ndoa na Houshang Dadvar, fundi wa kurekodi sauti, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004. Walijaliwa mtoto mmoja, Siavash.

Aliigiza katika filamu kumi na tisa. Sehemu za warembo hakuzitaka. Aliigiza mshonaji wa kiwandani, mwalimu aliyepewa talaka, mama anayehangaika mahakamani akiwadai watoto wake. Wanawake walimsimamisha sokoni wakamsimulia kesi zao, naye aliwasikiliza mpaka mwisho huku samaki wakiharibika kapuni. Kero hazikukosekana. Kwenye filamu zetu mwanamke havui mtandio hata akiwa peke yake chumbani, wala hagusani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye mumewe wala ndugu wa damu wa karibu. Katika filamu moja alilala hoi kwa homa, mtandio kichwani. Mama yetu, aliyekaa safu ya mbele ukumbini, alisema kwa sauti kwamba yeye hakumlea hivyo, na kwamba hajaona mtu anayelala kajifunga kama anakwenda sokoni. Ukumbi mzima ulicheka. Mahlagha aliipenda hadithi hiyo kuliko tuzo zake zote.

Mwaka 2009 alipewa sehemu ya mama anayempokea mwanawe kutoka gerezani. Kwa kuwa mwigizaji mwenzake hakuwa maharimu, mwongozaji alimwambia ampe kijana koti, basi. Dada alikataa, akisema amechoka kuwapokea watoto kwa makoti. Akamleta Siavash, mwanafunzi wa uhandisi asiyejua kuigiza hata kidogo, wakakumbatiana mbele ya kamera kwa sekunde kumi na moja. Wakaguzi wakaizuia filamu. Mimi na dada tulikwenda ofisini kwao na cheti cha kuzaliwa cha Siavash.

"Bibi, mimi naamini ni mwanao," afisa alimwambia. "Lakini mtazamaji atajuaje?"

"Aangalie pua," Mahlagha alimjibu. "Hiyo nimempa mimi."

Afisa alitabasamu, akatuagizia chai, na filamu ikaingia kabatini. Chai ile inanikera hadi leo.

Mwaka uliofuata Siavash alikamatwa kwenye maandamano. Alipoachiwa alivuka mpaka kwa miguu, akaishia Hamburg, na hakuthubutu kurudi tena.

Mwaka 2015 Mahlagha alipatikana na saratani ya mapafu. Siku chache zilizopita mwongozaji alikuja hospitalini na habari kwamba kibali kitatoka, ila zile sekunde kumi na moja zikatwe. Alikuwa ameisubiri filamu hiyo miaka minane. Nilimsihi akubali, wanawake wenzetu waione japo hivyo.

"Wanataka nisimguse mwanangu," aliniambia. "Si ndivyo ninavyoishi kila siku, Farzaneh? Ya kwenye filamu waniachie."

Niligombana naye kitandani kwake, Mungu anisamehe. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 3 Oktoba 2017, saa nne asubuhi. Jana mwongozaji aliniuliza tena, nami nikamjibu hapana kwa niaba ya familia. Filamu itabaki kabatini, nzima, na sijui kama nimewatendea haki wale wanawake wa sokoni.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Siavash, mimi mdogo wake, na binti zangu wawili, Nastaran na Mahvash.

Sasa ni wakati wa kumshusha kaburini, na inatakiwa ashushwe na mikono ya maharimu wake. Mume ametangulia, kaka hatukujaliwa, na mwanawe anatusikiliza kwenye simu aliyoshika Nastaran. Siavash, mwanangu, nashuka mimi. Mama yako alale kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumkagua.